KIZAZI, NASABA NA KINGA
Uhakiki wa Tafsiri Moja Iliyokusudiwa Masasi na Newala

Utangulizi

Miongoni mwa kazi za kila siku za ofisi ya istilahi ni kuzisoma tafsiri za watu wengine. Nyingi huwa nzuri; nyingine huhitaji kunyooshwa hapa na pale; na chache hutufanya tujiulize iwapo sisi wenyewe, tuliokabidhiwa kazi ya istilahi, tumeutimiza wajibu wetu. Tafsiri tunayoihakiki katika makala hii ni ya kundi hilo la mwisho. Ni maandishi ya kurasa nne yaliyokusudiwa kusomewa wanawake wa wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Yalikusudia kueleza kwamba watu hutofautiana katika jeni zinazoongoza kinga ya mwili, na kwamba tofauti hizo huchangia kumfanya mwanamke mmoja awe mwepesi zaidi wa kupatwa na saratani ya shingo ya kizazi kuliko mwenziwe. Mwishoni imeambatishwa fomu ya ridhaa, ambayo mwanamke angeitia sahihi au dole gumba kabla ya kutolewa damu.

Hatutamtaja aliyetafsiri wala waliomtuma. Alipewa kazi bila kupewa istilahi, akajitahidi kwa maneno aliyokuwa nayo. Tunachokihakiki ni maneno yenyewe. Tafsiri yote yaweza kuonekana katika sentensi yake moja:

“Mabadiliko ya vinasaba vya kinga huwafanya baadhi ya wanawake warithi saratani ya kizazi.”

Kisarufi sentensi hii haina ila. Upatanisho wa ngeli ni sawa, na hakuna neno ambalo msomaji wa kawaida hajapata kulisikia. Hata hivyo, karibu kila neno lake kuu humpeleka msikilizaji mahali ambapo mwandishi wa asili hakukusudia. Tuliichukua tukaenda nayo Masasi, kisha tukapanda nayo hadi Newala, si kwa ajili ya kufanya utafiti, bali kusikiliza tu jinsi inavyosikika masikioni mwa wale walioandikiwa. Tuliyoyasikia ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Jambo lenyewe lilivyo

Kabla ya kulihukumu neno, yafaa tukielewe kitu kinachotajwa. Saratani ya shingo ya kizazi huanzia katika sehemu ya chini ya mji wa mimba, pale unapokutana na uke. Karibu visa vyote hutokana na maambukizo ya muda mrefu ya virusi vya papiloma, ambavyo huenezwa hasa kwa kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, yaani ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya visa duniani. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeuonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwetu jambo hili haliko mbali. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 katika mwaka huo mmoja.

Lakini kuambukizwa virusi si sawa na kuugua saratani. Wanawake walio wengi huviondoa virusi hivyo miilini mwao katika muda wa mwaka mmoja au miwili bila hata kujua kwamba walikuwa navyo. Ni wachache ambao virusi hukaa, na kwa hao saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa nini mwili wa huyu huvishinda na wa yule usivishinde? Sababu ni nyingi. Mwanamke mwenye VVU, kwa mfano, yumo katika hatari iliyo kama mara sita ya ile ya mwanamke asiye navyo. Uvutaji wa tumbaku nao huchangia. Na sehemu ya jibu imo katika jeni.

Katika kromosomu ya 6 kuna kundi la jeni linalojulikana duniani kote kwa herufi HLA. Mfaransa Jean Dausset ndiye aliyezifumbua mwaka 1958, na mwaka 1980 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Jeni hizi huelekeza utengenezaji wa molekuli zinazokaa juu ya seli. Kazi ya molekuli hizo ni kuvichukua vipande vidogo vya protini vilivyomo ndani ya seli na kuvionyesha nje, ili seli nyeupe za damu zipite, zikague, na zikiona kipande cha kigeni ziishambulie seli iliyoambukizwa. Molekuli hizo hazifanani kwa watu wote. Za mtu mmoja huweza kukishika vyema kipande cha kirusi fulani na kukionyesha; za mwingine hukishika kwa shida. Kirusi ni kimoja, lakini mwili mmoja hukitambua mapema na mwingine huchelewa. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jenomu nzima, nao wakakuta kwamba sehemu zilizohusiana na saratani hii zimo katika eneo hilohilo la kromosomu ya 6.

Yapasa kuongeza kwamba uchunguzi huo ulifanywa kwa watu wa Ulaya. Jeni za watu wa Afrika zina namna nyingi zaidi, kwa hiyo matokeo ya kule hayawezi kuhamishiwa huku kama yalivyo. Hiyo ndiyo sababu mtafiti huja hadi Masasi kuomba damu. Na ndiyo sababu pia maneno anayoyatumia kuiomba si jambo dogo.

Neno “kizazi”

Neno hili lina maana tatu zinazoishi pamoja bila ugomvi katika mazungumzo ya kila siku: mji wa mimba, watu wa rika au zama moja, na uzao wa mtu. Muktadha ndio unaotenganisha. Mwanamke akisema “naumwa kizazi”, hakuna anayedhani kwamba anazungumzia wajukuu. Lakini mfasiri wetu ameliondoa neno “shingo” na kuacha “saratani ya kizazi”, kisha akaliweka katika sentensi moja na “vinasaba” na “warithi”. Maneno haya matatu, yakikaa pamoja, huitana. Maana ya uzao huamka, na maana ya kiungo cha mwili hulala.

Kule Newala tuliisoma sentensi hiyo barazani mbele ya wanawake wachache wa makamo pamoja na bibi mmoja mzee. Tulipomaliza, bibi akatuuliza kwa upole: “Mjukuu wangu, hiyo saratani ya kizazi unayosema inatoka kwenye nasaba, basi ni ugonjwa wa uzao wetu? Na hawa wanangu wamo?” Bibi huyu hakuwa amekosea kuelewa. Alikuwa ameelewa barabara kile kilichoandikwa.

Kuhusu kiungo chenyewe, maandishi ya afya nchini yana majina mawili makuu: “shingo ya kizazi” na “mlango wa kizazi”. Nchini Kenya husikika pia “mlango wa uzazi” na “shingo ya uzazi”. “Mlango” una sifa ya kueleweka upesi, lakini una kasoro moja kubwa: msikilizaji huweza kuudhania kuwa ni uke, maana huo ndio mlango anaoujua. Ikiwa hivyo, atadhani kwamba ugonjwa wenyewe ungeonekana au kuhisiwa kwa nje, na kwamba asipoona kitu hana haja ya kupimwa. “Shingo” hueleza umbo kwa usahihi: ni sehemu nyembamba inayoungana na sehemu pana, kama shingo ya chupa au ya kibuyu. Kasoro yake huja pale inapokatwa. Kule Masasi tulimsikia kijana mmoja akisema “saratani ya shingo”, huku akijishika chini ya kidevu. Tunaonelea, basi, kwamba “shingo ya kizazi” ishikwe, isifupishwe kamwe kutoka upande wowote, na mara ya kwanza ifuatwe na maelezo mafupi: sehemu ya chini ya mji wa mimba, inayoishia ukeni.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hatukutafuta neno katika lugha za watu wa huko, kwa kuwa utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutuelekeza kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende ng’ambo. Tulijaribu. Lakini msamiati wa viungo hivi, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, hufundishwa unyagoni, na makungwi hawautoi kwa mgeni mwenye kalamu na daftari. Hawakututajia, nasi hatukuwashinikiza. Neno lililotunzwa kwa siri na heshima likibandikwa ukutani mwa zahanati huacha kuwa lilivyokuwa, na wenyewe huona wamevunjiwa adabu. Utaratibu wa vyanzo vya istilahi ni mzuri, lakini haukuandikwa ili kuivunja miiko ya watu.

Neno “vinasaba”

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Neno “kinasaba”, wingi “vinasaba”, lilitokana na “nasaba”, yaani ukoo au mlolongo wa kizazi. Ni neno lililoundwa kwa ustadi, na kwa muda mfupi limeenea kote nchini. Limeingia hata katika sheria: mwaka 2009 ilitungwa sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na Mkemia Mkuu wa Serikali akapewa dhamana ya vipimo vyake. Kuenea huko, hata hivyo, kumekuja na mkia. Kwa mwananchi wa kawaida “kupima vinasaba” maana yake imekuwa moja tu: kumtafuta baba halisi wa mtoto. Hivyo ndivyo neno linavyosikika redioni na kusomeka magazetini, katika habari za kesi za matunzo na mirathi.

Sasa fomu ya ridhaa inamwambia mwanamke wa Masasi: “Tutachukua damu yako ili kupima vinasaba vyako.” Mwanamke mmoja, aliyekuja na mtoto mgongoni, alituuliza iwapo majibu yatapelekwa kwa mumewe. Hakuuliza neno juu ya saratani. Kama angetia dole gumba, ridhaa yake ingekuwa ya jambo ambalo hakuombwa. Na kama angekataa, angelikataa jambo ambalo hakuambiwa. Kwa vyovyote vile fomu ingekuwa imejazwa na ridhaa isingekuwapo. Maofisa wa serikali wanaopitisha fomu hizi wanaombwa kulitazama jambo hili kwa makini, maana muhuri huhalalisha karatasi, wala hauhalalishi kuelewa.

Kuna jambo la pili, linalohusu mahali penyewe. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mambo yamebadilika kwa dini, shule na sheria za nchi, lakini fikra hiyo haijafa. Katika nchi ya namna hii, ugonjwa wa wanawake ukiitwa ugonjwa wa nasaba huwa umeelekezewa kidole ukoo wa mama. Mchumba huweza kuachwa kwa sababu shangazi wa mwanamume amesikia kwamba mama wa binti alikufa kwa “saratani ya nasaba”. Mfasiri aliyekaa Dar es Salaam hakulikusudia hilo, lakini neno alilolichagua lilikuwa na jamaa zake, nalo lilifika pamoja nao.

Kwa maoni yetu, “vinasaba” libaki mahali pake palipozoeleka, yaani katika utambuzi wa watu na uhusiano wao wa damu, na katika sheria. Panapozungumzwa sehemu moja moja zinazoelekeza kazi za mwili, itumike “jeni”, ambayo walimu wa sayansi wameizoea tangu zamani. “Jeni” ni neno la kukopa, halina ukoo katika lugha yetu, na kwa mara hii upweke huo ni sifa.

“Mabadiliko” au “tofauti”?

Mfasiri ameandika “mabadiliko”. Neno hili husema kwamba kulikuwa na kitu katika hali yake sahihi, kisha kikaharibika au kikageuzwa. Yako mabadiliko ya jeni yaliyo ya namna hiyo, na hayo yaitwe hivyo. Lakini maandishi ya asili hayakuzungumzia uharibifu. Yalizungumzia hali ya kawaida ambapo jeni ileile huwa na sura mbalimbali kwa watu mbalimbali, kila sura ikiwa nzima na ya halali. Hakuna mtu asiyekuwa nayo mojawapo. Sura inayomfaa mtu dhidi ya ugonjwa huu yaweza isimfae dhidi ya ule.

Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mwanzo, maana wanalijua shambani. Hii ni nchi ya korosho. Tangu miaka ya 1970 mikorosho ya kusini imesumbuliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Kila mkulima anajua kwamba katika shamba moja, chini ya ukungu mmoja na umande mmoja, mti huu hushikwa sana na ule hushikwa kidogo. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara mjini, wameitumia tofauti hiyohiyo kuchagua na kuzalisha mikorosho inayostahimili zaidi. Lakini mkulima hasemi kwamba mti ulioshikwa “umebadilika”. Wala hasemi kwamba umeurithi ubwiriunga. Ukungu ulikuja na upepo. Na zaidi ya yote, hauachi mti mwepesi wa kushikwa ufe kwa kuwa ndivyo ulivyo. Huupulizia salfa mapema zaidi.

Tulipoueleza mfano huu kule Newala, baraza lilichangamka. Mama mmoja akasema: “Basi mngesema hivyo tangu mwanzo.” Tuliyapokea maneno hayo kama hukumu ya haki juu ya kurasa nne.

“Kurithi” na ile asilimia 27

Mwanamke harithi saratani ya shingo ya kizazi. Anaambukizwa virusi. Anachoweza kukipokea kutoka kwa wazazi wake ni wepesi au ugumu wa mwili wake kuvishinda virusi hivyo. Tofauti hii si ya wanazuoni peke yao. Anayeambiwa kwamba ugonjwa ni wa kurithi hufanya mojawapo ya mambo mawili: akiwa mama yake aliugua, hukata tamaa, huona kupimwa ni kulifungua kaburi kabla ya siku, na akiwa kwao hakuna aliyeugua, hujiona salama na haendi. Yote mawili ni makosa, na yote mawili huua.

Kosa hili limeongezwa nguvu na tarakimu. Maandishi ya asili yalitaja uchunguzi wa Sweden wa mwaka 2000, uliokadiria kwamba asilimia 27 ya tofauti iliyopo baina ya watu katika kupatwa na vivimbe vya shingo ya kizazi yaweza kuelezwa na jeni. Tafsiri yetu inasema: “Asilimia 27 ya wanawake hurithi saratani hii.” Masafa kati ya kauli hizi mbili ni makubwa mno. Ya kwanza hupima tofauti katika jamii nzima. Haisemi lolote juu ya mwanamke mmoja. Ya pili inamhukumu mwanamke mmoja kati ya kila wanne. Ofisa wa mipango anayeipokea kauli hiyo kama ilivyo anaweza kuiweka katika hotuba au katika bajeti, na kutoka hapo haitarudi tena. Tunawausia wafasiri wenzetu: tarakimu ikiambatana na neno msilolielewa, msiivushe tarakimu peke yake. Afadhali sentensi ndefu iliyo kweli kuliko fupi inayodanganya.

“Kinga”, na kosa letu wenyewe

Neno ambalo halina dosari katika sentensi yetu ni “kinga”. Limetoka katika kitenzi cha kila siku. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli na hukinga pigo kwa mkono. Limepata nguvu zaidi kwa kupitia neno UKIMWI. Wazee wanakumbuka kwamba ugonjwa huo ulipotokea Kagera mwaka 1983, watu waliuita “Juliana”, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa kwa magendo, kabla ya lugha ya kitabibu kuwapa neno. Jina la mitaani lilibeba kejeli na tuhuma. “Upungufu wa kinga mwilini” lilibeba maelezo. Funzo ni kwamba istilahi ikichelewa, pengo halibaki wazi. Hujazwa, na mara nyingi hujazwa na lawama.

Baada ya kuwahakiki wengine, haki yatutaka tujihakiki nasi. Tulipokuwa tukiitafutia jina ile molekuli inayokaa juu ya seli na kuonyesha vipande, tulipendezwa na neno “nembo”. Hapo kale nembo ilikuwa chale ya usoni iliyomtambulisha mtu ni wa wapi, na Wamakonde ndio waliosifika kwa sanaa hiyo kuliko wengi. Leo ni alama ya taifa, ya shirika au ya shule. Neno la Kibantu, fupi, lenye picha, na tena lenye mizizi kwenye nyanda hizohizo! Tuliliandika katika rasimu yetu na tukajipongeza.

Tulipolisema Newala, mzee mmoja akatikisa kichwa. “Nembo ni ya kabila,” alisema. “Ukisema nembo zetu ndizo zinazoleta saratani, umesema Wamakonde wana alama ya saratani.” Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumelikwepa “nasaba” kwa sababu linaunyoshea kidole ukoo, kisha tukaleta neno linalolinyoshea kidole kabila zima. Uzuri wa neno ulikuwa umetupofusha. Tumeliondoa, na badala yake tunapendekeza “kitambulishi”, ambacho hakina uzuri wa nembo lakini hakimwonyeshi mtu yeyote.

Mapendekezo

Maneno yafuatayo ni mapendekezo yanayotolewa kwa majadiliano. Hayajasanifiwa.

Shingo ya kizazi: sehemu ya chini ya mji wa mimba, inayoishia ukeni. Isifupishwe kuwa “shingo” wala “kizazi”.

Jeni: sehemu ya maelekezo ya mwili ambayo mtu huipokea kwa wazazi wake wawili. “Vinasaba” libaki kwa vipimo vya utambuzi na uhusiano wa damu.

Sura ya jeni: mojawapo ya namna za kawaida ambazo jeni moja huwa nazo kwa watu mbalimbali. Wingi: sura za jeni, hali hiyo kwa jumla: tofauti za jeni.

Badiliko la jeni: kugeuka kwa jeni kutoka hali iliyokuwa nayo. Lisitumike kwa maana ya sura ya jeni.

Kitambulishi cha seli: molekuli iliyo juu ya seli, inayoonyesha vipande vya protini ili kinga ivikague.

Wepesi wa kupatwa: hali ya mwili ya kushikwa na ugonjwa kwa urahisi zaidi kuliko miili mingine. Lugha yetu tayari husema “mwepesi wa hasira” na “mwepesi wa kusahau”, bila kumaanisha kwamba mtu huyo amekasirika au amesahau. Kinyume chake: ustahimilivu.

Uwezekano: kipimo cha hesabu cha jambo kutokea. Lisichanganywe na wepesi, ambao ni wa mwili, wala na hatari, ambayo ni madhara yanayohofiwa.

Urithikaji: kadiri ambavyo tofauti baina ya watu wa jamii moja huelezwa na jeni. Si idadi ya watu waliorithi.

Hitimisho

Kwa kuyatumia maneno hayo, ile sentensi moja tuliyoanza nayo ingekuwa hivi:

“Saratani ya shingo ya kizazi huletwa na virusi. Miili yetu haina nguvu sawa ya kuvitambua na kuviondoa virusi hivyo, kwa sababu jeni za kinga zina sura mbalimbali kwa watu mbalimbali. Kwa hiyo wengine ni wepesi zaidi wa kupatwa, lakini hakuna aliyezaliwa na saratani hii, na kila mmoja aweza kujikinga.”

Ni maneno mengi zaidi kuliko yale ya kwanza, lakini yanamwachia msikilizaji jambo la kufanya. Na mambo ya kufanya yapo. Chanjo dhidi ya virusi vya papiloma ilianza kutolewa nchini kote mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uchunguzi kwa siki, ambapo mhudumu huipaka shingo ya kizazi na kutazama sehemu zinazogeuka nyeupe, hauhitaji mitambo mikubwa, na huyaona madoa ya awali wakati bado yanatibika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza uchunguzi uanze kwenye umri wa miaka 30, au 25 kwa wenye VVU. Chanjo na siki haziulizi mtu ana sura gani ya jeni. Tafsiri inayomfanya mwanamke aone kwamba ameshahukumiwa na ukoo wake humfungia mlango wa zahanati, hata kama kila kitenzi chake kimepatana na ngeli yake.

Mwaka 1876 Edward Steere, aliyekwisha kuandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, aliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani wakafanya makao huko. Kiswahili, basi, si mgeni katika sehemu hizo. Na daktari Leader Stirling, aliyekuja Lulindi mwaka 1935 na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980, aliwatibu watu katika wilaya hiyohiyo. Lugha ya wodini imekwisha kukaa huko muda mrefu, na watu wanajua kuipima. Wafasiri, walimu na maofisa watakaoisoma orodha yetu wanaombwa wafanye kama tulivyofanyiwa Newala: wailete mbele ya wenye kuambiwa, wasome kwa sauti, wanyamaze, wasikilize. Maoni yao, na hasa pingamizi zao, yatapokelewa kwa shukrani.